Pestalozzi: mwalimu wa yatima aliyelifanya jiko la mama kuwa darasa

Kila mwaka wa shule unapokaribia kuanza, wazazi hapa Rumonge huja kwangu na swali moja. Mtoto ana miaka minne au mitano, shule ya chekechea iko mbali au ada yake haipatikani, sasa nimfanyie nini nyumbani asije akaachwa nyuma na wenzake? Wengine huja na fahari yao. Humsimamisha mtoto mbele yangu, wakamwamuru ahesabu kwa Kifaransa kuanzia moja hadi ishirini, naye mtoto huhesabu bila kukosea. Lakini nikimwekea mezani maharage saba na kumwomba anipe manne, huniangalia tu.

Leo sitawajibu kwa kuorodhesha mashauri. Nataka niwasimulie maisha ya mtu aliyefariki zamani sana, mwaka 1827, ambaye alipambana na swali hilo hilo kwa mtoto wake wa kumzaa mwenyewe. Mtu huyo ni Johann Heinrich Pestalozzi, Mswisi.

Jina lake nililisikia mara ya kwanza katika chuo cha ualimu nchini Tanzania. Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972. Nilizaliwa katika makazi ya Katumba, nikasoma kwa Kiswahili, nikarudi Burundi mwaka 2008 nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha ualimu. Mkufunzi wetu aliandika ubaoni majina matatu, Pestalozzi, Froebel na Montessori. Tukayanakili, tukayakariri kwa ajili ya mtihani, basi. Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nikifundisha watoto waliozaliwa ukimbizini kama mimi, ndipo niliporudi kusoma habari za Pestalozzi kwa utulivu. Nikakutana na mtu ambaye daftari langu la chuo halikunionyesha: maskini, mwenye madeni, aliyechekwa na watu, aliyeshindwa katika karibu kila alichoanzisha, na ambaye hata hivyo walimu wa nchi nyingi wana deni kwake.

Mtoto wa mjane

Pestalozzi alizaliwa mjini Zürich tarehe 12 Januari 1746. Baba yake, aliyekuwa tabibu mpasuaji, alifariki mwaka 1751, wakati mtoto ana miaka mitano tu. Mama yake, Susanna, akabaki mjane na watoto watatu, na fedha kidogo sana.

Kabla ya kukata roho, baba alimwita msichana wao wa kazi, Barbara Schmid, ambaye nyumbani walimwita Babeli, akamsihi asiwaache mjane na watoto wake. Babeli akaahidi, na ahadi yake akaitimiza kwa miaka mingi. Alikuwa akienda sokoni saa za mwisho, wauza mboga wanapotaka kurudi makwao, ili anunue kwa bei nafuu. Aliwazuia watoto wasitoke nje ovyo, wasije wakachakaza viatu na nguo. Kwa sababu hiyo Heinrich mdogo alikua bila michezo ya wenzake, akawa mtoto wa ndoto nyingi na mikono mizito, na shuleni wenzake walimcheka. Lakini jambo moja alilipata kwa wingi, nalo ni upendo wa wanawake wawili waliojinyima kwa ajili yake. Nadhani hapo ndipo ilipozaliwa imani yake ya baadaye kwamba shule ya kwanza ya binadamu ni chumba ambamo mama anafanya kazi zake.

Babu yake, Andreas, alikuwa mchungaji katika kijiji cha Höngg, karibu na Zürich. Heinrich alikwenda kumtembelea, wakafuatana nyumba kwa nyumba kuwaona wagonjwa na maskini. Mtoto wa mjini akaona jinsi watu wa shamba walivyoishi, na hakuyasahau aliyoyaona.

Ujanani alisoma chuo cha Zürich, akajiunga na vijana wenzake waliotaka haki zaidi kwa watu wa vijijini. Walisoma kwa hamu kitabu cha Jean-Jacques Rousseau kiitwacho Émile, kilichotoka mwaka 1762, ambacho kinaeleza malezi ya mtoto kwa kufuata maumbile yake badala ya kumjaza maneno. Pestalozzi alifikiria kuwa mchungaji kama babu yake, akaacha. Akafikiria sheria, akaacha pia. Mwishowe akaamua kuwa mkulima. Mwaka 1769 alimwoa Anna Schulthess, binti wa familia ya wafanyabiashara, aliyemzidi umri kwa karibu miaka minane. Wazazi wa binti hawakuitaka ndoa ile, kwa kuwa hawakuona mwanamume huyo atamlisha nini mtoto wao.

Baba, mtoto na daftari

Waliweka makazi yao mahali walipopaita Neuhof, maana yake shamba jipya, karibu na kijiji cha Birr. Mwaka 1770 wakapata mtoto wa kiume, mtoto wao wa pekee. Wakamwita Hans Jakob, kwa heshima ya Rousseau.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapokuomba utulie. Mwanzoni mwa mwaka 1774, mtoto akiwa na miaka mitatu na nusu hivi, Pestalozzi alianza kuandika katika daftari yale aliyomfundisha na jinsi mtoto alivyoyapokea. Kwa majuma machache aliandika karibu kila siku, na maandiko hayo yamehifadhiwa. Ni baba kijana anayetaka mtoto wake awe na akili kuliko wote. Anamfundisha herufi. Anamfundisha majina ya viungo vya mwili kwa Kilatini. Anamfundisha namba.

Kisha anagundua jambo. Mtoto anataja majina ya namba vizuri, lakini kichwani mwake majina hayo hayajabeba kitu chochote. Amejifunza maneno kabla ya kujua vitu vyenyewe. Tena yale majina matupu yanamzuia asitafute maana, kwa sababu anadhani anajua tayari. Je, huyo si yule mtoto wangu wa maharage saba? Amepishana na Jakob kwa miaka zaidi ya mia mbili na hamsini, lakini wamekwama mahali pamoja.

Siku nyingine mtoto alikataa kusoma. Baba akamtaka achague kati ya kusoma na kufungiwa chumbani. Mtoto aliendelea kukataa mpaka akachoka, akatii. Usiku ule baba hakujisifu. Alijiuliza katika daftari lake mpaka wa utii na uhuru uko wapi, na akajionya kwamba mzazi asimbane mtoto bila sababu inayoeleweka, maana akifanya hivyo mtoto atapoteza imani naye. Mtumishi mmoja wa pale shambani naye alimwambia waziwazi kwamba wanamsukuma mno mtoto. Pestalozzi alilitia neno hilo moyoni, akaona kwamba dalili ya kuangalia ni furaha: mtoto akianza kupoteza uchangamfu wake, basi mzigo umezidi.

Na siku iliyokuwa bora kuliko zote ni ile ambayo hawakufungua kitabu. Walikwenda matembezini, baba akamwonyesha mtoto maji yanavyoteremka mlimani kwa kasi. Walipoendelea mbele kidogo, mtoto mwenyewe akamwambia baba yake kwamba maji yanakwenda chini. Somo lile lilimwingia mara moja, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamelishuhudia.

Ningependa kuandika kwamba mtoto huyo alikua akawa mtu mkubwa. La hasha. Jakob alipata ugonjwa wa kifafa. Hapa niseme neno kwa wazazi wa kwetu: kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakitokani na malezi mabaya wala uchawi, na siku hizi kina dawa. Wakati ule dawa hazikuwepo. Tena baba, baada ya kumsukuma mapema mno, aliingia upande wa pili, akaacha maumbile yafanye kazi yenyewe, hata mtoto alipofika miaka kumi na mmoja alikuwa bado hajui kusoma na kuandika sawasawa. Alioa, akapata mtoto, lakini ugonjwa ulimdhoofisha, na alifariki mwaka 1801, kabla ya baba yake. Mwalimu huyu ambaye ulaya nzima ilikuja kujifunza kwake alimzika mtoto wake wa pekee.

Shamba linakufa, kitabu kinazaliwa

Wakati huo huo shamba la Neuhof halikufanikiwa. Udongo ulikuwa hafifu, madeni yakazidi. Badala ya kufunga milango, mwaka 1774 Pestalozzi aliwaingiza nyumbani kwake watoto wa maskini waliokuwa wakiombaomba barabarani. Mpango wake ulikuwa watoto wasokote na kufuma pamba, walime wakati wa kiangazi, na huku mikono ikifanya kazi wajifunze kusoma, kuhesabu na kusema vizuri. Alitarajia kazi yao ilipie chakula chao.

Haikuwa hivyo. Nyuzi za mtoto asiyezoea hazina bei sokoni. Baadhi ya wazazi walikuja kuwachukua watoto wao mara tu walipoona wamenenepa na kuvaa nguo mpya. Mwaka 1780 nyumba ile ikafungwa, na sehemu kubwa ya mali ya mkewe ikawa imekwisha kupotea. Watu wa Birr walimcheka. Kwa karibu miaka kumi na minane iliyofuata alikuwa mtu asiye na kazi maalumu, nguo zake chakavu, jina lake limeharibika.

Aliyeinusuru nyumba hiyo ni mwanamke mwingine wa kazi, Elisabeth Näf. Alipofika alikuta fujo, akalima bustani, akapanga nyumba, akaifanya ikalike tena. Pestalozzi alimtazama, na kalamu ikaanza kuandika. Mwaka 1781 alitoa hadithi iitwayo Lienhard und Gertrud. Lienhard ni fundi mwashi anayemaliza ujira wake kilabuni. Gertrud ni mkewe, anayesimama imara na kuiokoa nyumba yake, na hatimaye kijiji kizima kinaiga mfano wake.

Gertrud hana shule wala ubao. Watoto wake wanasokota pamba, naye anawahesabisha nyuzi na mizunguko ya gurudumu. Anawahesabisha hatua kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Dirishani vioo vimepangwa safu tano tano, basi safu mbili zikawa somo la kumi. Hakuna kilichonunuliwa. Vitu vyote vilikuwemo nyumbani tangu zamani, kilichoongezwa ni mama anayeuliza.

Kitabu kilisomwa sana na kumpa mwandishi wake jina. Mwaka 1792 Bunge la Ufaransa lilimpa uraia wa heshima, pamoja na watu kama George Washington. Hata hivyo yeye alisikitika, maana watu walifurahia hadithi wakauacha mkono wa Gertrud na nyuzi zake.

Watoto wa vita

Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uswisi, na serikali mpya ikawekwa. Watu wa Nidwalden, wengi wao Wakatoliki wa milimani, walikataa kuapa kuitii katiba mpya. Tarehe 9 Septemba 1798 jeshi likawashambulia. Mamia waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo, na nyumba nyingi zikateketezwa. Yatima wakabaki wakitangatanga kuzunguka mji wa Stans.

Serikali ilimtuma Pestalozzi awatunze. Alikuwa amekaribia miaka hamsini na mitatu, umri ambao wengi wanafikiria kupumzika. Akapewa sehemu ya nyumba ya watawa ambayo ujenzi wake ulikuwa bado haujamalizika, vumbi la chokaa limejaa kila mahali. Watoto wa kwanza waliingia mwezi Januari 1799, na baadaye wakafikia kama themanini. Walikuja na upele, chawa, na matambara. Wengine walikuwa wamekonda kama mifupa, wengine wakorofi waliozoea kuomba, wengine hawamwamini mtu yeyote. Na kwa nini wamwamini? Yeye alikuwa Mprotestanti, tena ametumwa na serikali ile ile iliyowaletea majeshi.

Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Hakuanza na herufi. Alianza na supu, maji ya kuogea na kukaa nao. Alikuwa peke yake, na mwanamke mmoja tu wa kutunza nyumba. Aliwalisha, aliwaosha, akalala chumba kimoja nao, akawa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Wakiugua, naye yupo. Aliona kwamba mtoto aliyeumizwa hawezi kufundishwa neno la wema kabla hajautikia wema wenyewe mwilini mwake. Baadaye masomo yakaja polepole, na kwa kuwa hakuwa na msaidizi, mtoto aliyejua kidogo aliwekwa katikati ya wawili wasiojua, akawashika mabegani, akawafundisha.

Mwezi Aprili 1799 mji wa jirani wa Altdorf uliungua moto. Pestalozzi aliwakusanya watoto, akawauliza kama wangekubali kupokea yatima ishirini wa Altdorf, akiwaeleza wazi kwamba chakula kitapungua, kazi itaongezeka, na huenda wakalazimika kugawana nguo zao. Watoto wale ambao miezi michache nyuma walinyang'anyana mkate, wakakubali kwa sauti moja. Hilo lilikuwa somo lake la uraia.

Mwezi Juni 1799 jeshi la Ufaransa likalitaka jengo liwe hospitali ya majeruhi. Watoto wengi wakatawanywa, kila mmoja na nguo na fedha kidogo mkononi. Pestalozzi aliondoka akitema damu. Kazi ya Stans ilidumu miezi mitano tu.

Sisi tuliokulia makambini na katika makazi ya wakimbizi hatuhitaji kuelezwa maana ya miezi mitano ya mtu anayekujali. Na sisi tuliorudi, tunaolea watoto kwenye viwanja vyenye kesi za ardhi, nyumba mbili zikitazamana kwa chuki, tunajua kwamba mtoto wa miaka minne anasikia kila neno linalosemwa jioni. Huo nao ni ufundishaji.

Walimu wa Ulaya wanakuja

Baada ya kupona, alikwenda mji wa Burgdorf, akaomba kufundisha bila mshahara mkubwa wala cheo. Walimweka kwanza katika shule ya watoto wa maskini iliyoendeshwa na fundi viatu. Wazazi wakalalamika: kama hao mabwana wanataka kujaribu mbinu mpya, wajaribu kwa watoto wao wenyewe. Akahamishiwa shule ya watoto wadogo zaidi, wa miaka mitano hadi minane. Huko kazi yake ikaonekana, na mwaka 1800 wakaguzi waliopima watoto walishangaa. Akapewa nafasi katika ngome ya mji ili aanzishe chuo.

Inasimuliwa kwamba siku moja darasani watoto walionyeshwa picha ya ngazi, mtoto mmoja akauliza kwa nini wasiende kuitazama ngazi yenyewe iliyoko uani. Iwe ilitokea hivyo hasa au la, ndiyo roho ya mafundisho yake: kwanza kitu, mtoto akione, akiguse, akigeuze, halafu jina, halafu namba na umbo lake. Mwaka 1801, mwaka ule ule aliomzika Jakob, alitoa kitabu kinachoeleza jinsi Gertrud anavyofundisha watoto wake, kwa mtindo wa barua kumi na nne. Huko ndiko alikopanga masomo ya mwanzo katika mafungu matatu: hesabu, umbo na lugha. Na daima alisisitiza vitatu vikue pamoja, kichwa, moyo na mkono.

Tusimfanye malaika. Wanafunzi wake wa Burgdorf wamesimulia kwamba aliwafanya wakariri sentensi baada yake kwa saa nyingi mpaka sauti ikamkauka. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, mpangilio hafifu, nguo zake ovyo. Aliona njia vizuri kuliko alivyoweza kuitembea.

Kuanzia mwaka 1805 hadi 1825 aliongoza chuo katika ngome ya Yverdon. Wanafunzi walitoka nchi nyingi. Serikali ya Prussia ilituma walimu vijana wakajifunze. Friedrich Froebel, ambaye baadaye alianzisha chekechea, alikaa huko kati ya mwaka 1808 na 1810. Robert Owen, mwenye viwanda wa Uingereza aliyefungua shule kwa watoto wadogo wa wafanyakazi wake, alimtembelea mwaka 1818. Mwingereza mwingine, James Pierrepont Greaves, alimwomba aeleze malezi ya mtoto mchanga, na barua zake kwa Greaves zilitolewa kitabu London mwaka 1827. Ndani yake anazungumza na mama moja kwa moja, kwamba kazi ya kwanza ya mama ni upendo wenye kufikiri.

Lakini walimu wa Yverdon waligombana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka mingi. Mkewe Anna, aliyestahimili yote hayo, alifariki mwaka 1815. Mwaka 1825 chuo kikafungwa, na mzee akarudi Neuhof, kwenye shamba lile lile lililomfilisi, alikokuwa akiishi mjukuu wake Gottlieb, mtoto wa Jakob. Alifariki mjini Brugg tarehe 17 Februari 1827, akazikwa Birr karibu na shule ya kijiji. Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, kijiji cha watoto yatima wa vita kutoka nchi mbalimbali za Ulaya kilianzishwa Trogen, Uswisi, kikapewa jina lake.

Jioni ya leo nyumbani kwako

Sasa turudi kwa mzazi aliyeniuliza afanye nini. Nina maneno manne, yote yametoka katika maisha hayo niliyoyasimulia.

La kwanza, hesabu vitu, usihesabu hewa. Mama anapochagua maharage, mtoto amtengee matano, kisha aongeze mawili. Tunapogawa ndagala, kila mtu apate ngapi? Sahani ni sita na watu ni saba, inakosekana ngapi? Mtoto anayejua hadi tano kwa mikono yake amemzidi yule anayefika ishirini kwa ulimi.

La pili, zungumza naye kwa lugha unayoijua vizuri. Nimekutana na wazazi wanaomnyima mtoto Kirundi au Kiswahili ili wampe Kifaransa ambacho wao wenyewe wanacho vipande vipande. Mtoto huyo anakuja darasa la kwanza hana hata lugha moja ya kuulizia maji. Mpe kwanza lugha iliyojaa, yenye majina ya miti, ya zana, ya jamaa, ya hisia. Bibi yupo? Mwache ategue vitendawili jioni, aseme sokwe, watoto waitikie niruze. Kitendawili kinamfundisha mtoto kufikiri umbo, rangi na tabia ya kitu kabla ya kukitaja. Kifaransa kitapata mahali pa kusimama.

La tatu, mpe kazi ya mkono inayolingana na umri wake: kufagia kona, kupanga viatu viwili viwili, kumwagilia mche wake mwenyewe, kufinyanga udongo. Vidole vinavyofinyanga leo ndivyo vitakavyoshika kalamu. Sisemi mtoto ageuzwe mtumishi. Neuhof ilijaribu kumfanya mtoto ajilipie chakula chake, na ikashindwa.

La nne ndilo zito. Angalia furaha yake. Mtumishi wa shambani alimwona Jakob anasukumwa mno kabla baba msomi hajaona. Robo saa ya mazungumzo na mtoto anayecheka inatosha kwa siku. Akigeuza uso, akianza kulia akiona daftari, funga daftari, mtoke nje mkaangalie maji yanakwenda wapi. Na akina baba, jambo hili si la mama peke yake. Aliyeshika daftari mwaka 1774 alikuwa baba.

Mzazi asiyejua kusoma asiseme hana cha kumpa mtoto. Babeli alikuwa mtumishi, Elisabeth Näf alikuwa mtumishi, na bila wao Pestalozzi asingekuwa na la kuwafundisha wasomi wa Ulaya. Wakati wa kuandikisha watoto ukifika, nileteeni huyo aliyechagua maharage na mama yake. Nitamwekea saba mezani, nimwombe manne.